Aliacha Chaki, Akashika Njia

Tuanze na swali la kichokozi. Mumeo akikuaga Jumatatu alfajiri kwamba anakwenda kikazi Kaliua na atalala huko siku nne, utafanya nini? Nadhani utampigia shati pasi, utamwekea mswaki kwenye begi na kumtakia safari njema. Sasa tugeuze kibao. Anayeaga ni mke, ana miaka hamsini na kitu, kavaa suruali ndani ya kitenge, na anayebaki nyumbani na funguo za stoo ni mume. Hapo je? Hapo ndipo watu wanapoanza kukohoa.

Mke mwenyewe ni mama yangu mdogo, mkazi wa Tabora mjini. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kisha Mratibu Elimu Kata, na leo ni mshauri wa elimu wa kujitegemea, wale wanaoitwa makonsaltanti. Kaniruhusu niandike kila kitu isipokuwa jina lake na la mumewe, kwa sababu, anasema, Tabora ni ndogo na jirani zake wanasoma magazeti.

Kusafiri kutafuta maisha si jambo geni Unyamwezini, tena basi! Karne ya 19, kabla reli ya kati haijafika Tabora mwaka 1912, njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde hadi Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji ziwani. Mizigo yote ilibebwa na vichwa na mabega ya watu, na wapagazi waliosifika kuliko wote walikuwa Wanyamwezi. Mzigo mmoja ulikuwa na kilo thelathini na kitu, na safari ya Bagamoyo hadi Tabora ilichukua miezi miwili au mitatu. Mwingereza mmoja, Alfred Swann, aliyeishi pande za Ziwa Tanganyika miaka ya 1880, aliandika kwamba kijana wa Kinyamwezi hakuruhusiwa kuoa mpaka awe amebeba pembe ya ndovu hadi pwani na kurudi na mzigo wa nguo au waya wa shaba.

Umeona? Safari ndiyo ilikuwa cheti cha kuoa. Mwanamume ambaye hajafika pwani alikuwa bado mtoto. Wanawake wengi walibaki na mashamba, ingawa si wote, maana kwenye misafara hiyo hiyo wanawake nao walikuwemo, wakibeba vyombo na watoto mgongoni. Sehemu hiyo ya historia sikumbuki kufundishwa shuleni.

Mji wa shule, vijiji vya tumbaku

Mtu akisema kasoma Tabora, kifua kinatanuka chenyewe. Shule ya Tabora Wavulana ilianzishwa miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu, na Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia 1937 hadi 1942. Kuna Tabora Wasichana, kuna Milambo, kuna Kazima. Watawala wa nchi hii wengi walikula ugali wa Tabora.

Lakini toka mjini, shika njia ya Sikonge, Urambo au Kaliua, utaingia nchi nyingine. Huko tumbaku ndiyo kalenda. Msimu wa kupandikiza miche na msimu wa kukausha majani, madawati yanapungua watoto bila mtu kuuliza. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Tabora wanawake 58 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufikisha miaka 18. Ni Shinyanga tu iliyokuwa juu yake. Mwaka 2016 sheria ya elimu ilirekebishwa na kuweka kifungo cha miaka 30 kwa anayeoa au kumpa mimba mwanafunzi, lakini mwalimu wa kijijini atakwambia kwamba binti haondoki shuleni kwa matarumbeta. Anakosa Jumatatu, anakosa Jumanne, halafu jina lake linaanza kurukwa kwenye mahudhurio.

Mama mdogo aliajiriwa mwaka 1987 na kufundisha katika shule za aina hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, sehemu kubwa darasa la kwanza na la pili. Kilichombadilisha, anasema, ni mafuriko ya watoto baada ya ada ya shule za msingi kufutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, kuanza mwaka 2002. Darasa lake lilijaa hadi watoto wakakaa kwenye kizingiti cha dirisha. Akiandika ubaoni sentensi, darasa zima linaimba kwa sauti tamu mpaka mwalimu mkuu anatabasamu ofisini. Siku moja akaziba sentensi kwa kiganja, akaacha neno moja la katikati, akamwita mtoto wa nyuma alisome. Kimya. Akamwita wa pili, wa tatu. Kimya. Walikuwa hawasomi, walikuwa wanaimba. Sentensi waliijua kama wimbo, na ukikata wimbo katikati hakuna anayejua ulipo.

Kumbuka pia kwamba watoto wengi wa huko wanaingia darasa la kwanza na Kinyamwezi au Kisukuma chao tu. Mwalimu anasema "fungua daftari", mtoto anamwangalia mdomo.

Alianza kuandika kwenye madaftari ya kaunta: nani anasoma silabi, nani anasoma neno, nani amepotea na kapotelea wapi. Hakuna aliyemtuma. Madaftari hayo bado yapo kabatini, nimeyaona, na ndiyo cheti chake cha ushauri, kwa maoni yangu, kuliko stashahada aliyoifuata baadaye.

Kasheshe la pikipiki

Mwaka 2010 akateuliwa kuwa Mratibu Elimu Kata. Kwa asiyejua, huyo ndiye anayesimamia shule zote za kata, na kwa miaka mingi alikuwa anazisimamia kwa miguu, kwa baiskeli au kwa kuomba lifti. Halafu mwaka 2014 ukaanza mpango wa kuimarisha ubora wa elimu uliojulikana kama EQUIP-Tanzania, kwa fedha za Uingereza. Tabora ilikuwa miongoni mwa mikoa mitano ya mwanzo, pamoja na Dodoma, Kigoma, Shinyanga na Simiyu. Walimu wa madarasa ya chini wakafundishwa upya namna ya kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu, watoto ambao hawajapata elimu ya awali wakaandaliwa kwa hadithi na michezo kabla ya kuanza darasa la kwanza, na waratibu kata wakapewa pikipiki na fedha za mafuta.

Pikipiki! Mama mdogo alikuwa na miaka karibu hamsini. Alijifunza kuendesha jioni kwenye uwanja wa shule, watu wakishakwenda nyumbani, mpwa wake akikimbia pembeni kama anafundisha mtoto baiskeli. Alianguka mara mbili, kovu moja liko kwenye kiwiko.

Nyumbani mambo yakawa mambo. Baba mdogo alikuwa mfanyakazi wa reli, mkagua tiketi kwenye treni ya Kigoma na ile ya Mpanda. Maisha yake yote ya ndoa alikuwa analala njiani. Lakini mke alipoanza kurudi saa mbili usiku na vumbi kwenye nyusi, maneno ya chini chini yakaanza. Mke wa mtu na pikipiki, anakwenda wapi? Huko vijijini analala kwa nani? Simu yake mbona haipatikani? Kisha siku moja mzee akaona kwenye simu ya mkewe ujumbe wa M-Pesa, posho ya semina imeingia, na yeye hakuwa ameambiwa. Basi bwana, usiku huo watoto walilala mapema kwa hiari yao.

Nieleze hapa, maana najua kuna wasomaji wa pande zote mbili. Ugomvi ule haukuwa wa fedha tu. Mwanamume aliyezoea kuwa yeye ndiye anayetoka na kurudi na kilo ya sukari na habari za Kigoma, ghafla habari zote za nyumbani zinatoka kwa mke. Hilo linauma, tusidanganyane. Lakini kuuma si hoja ya kumzuia mtu kazi.

Kikaitwa kikao. Alikuja kaka mkubwa wa Baba mdogo na mama yangu mzazi. Kaka mtu akasikiliza pande zote, akanywa chai yake yote, kisha akamuuliza mdogo wake: reli ilipokuwa inakupeleka Mpanda, nani alikuwa anakupigia simu kuuliza umelala wapi? Hakujibiwa. Walikubaliana kwamba ratiba ya mwezi itabandikwa kwenye mlango wa jiko, na posho ikiingia itasemwa hadharani, ya mke na ya mume pia. Hiyo "ya mume pia" ilitoka kwa mama yangu, na nasikia ndiyo iliyomaliza kikao.

Kununa kuliendelea miaka miwili. Kilichokuja kukata kununa hakikuwa kikao. Masika moja pikipiki ilikwama kwenye mbuga huko Uyui, maji yamejaa, giza linaingia. Mama mdogo akapata mtandao kidogo, akampigia mumewe kwamba atalala kwa mwalimu mkuu. Baba mdogo hakuamini hata nusu. Akakodi bodaboda, akafika saa tatu usiku amelowa hadi kwenye soksi. Akamkuta mkewe na mwalimu mkuu, mke wa mwalimu mkuu na walimu wawili vijana wamezunguka taa ya sola, wanakata maboksi ya sabuni na kuandika silabi, ma, me, mi, mo, mu, za kufundishia kesho yake. Akapewa kiti. Akakaa. Baada ya muda akapewa mkasi. Walikata maboksi mpaka karibu saa sita.

Kesho yake hakusema kitu njia nzima. Lakini tangu wiki ile akawa anapita kwenye maduka ya sokoni kuomba maboksi matupu.

Anakaa nyuma ya darasa

Nilimsindikiza siku moja nione anafanya nini hasa, maana neno "kuboresha shule" limetumika sana kwenye hotuba mpaka limepauka. Kwa kweli ni kazi ya kimya. Anapita kwanza ofisini kwa mwalimu mkuu kwa heshima, anasaini kitabu cha wageni, kisha anaingia darasani na kukaa nyuma kabisa, kwenye dawati la watoto, magoti juu. Hafungui mdomo. Anahesabu watoto walioitwa kujibu na wanakaa safu ipi, maana walimu wengi hufundisha safu mbili za mbele bila kujijua. Anamwomba mtoto aliye jirani yake amsomee mstari mmoja, halafu anaziba maneno kwa kidole, mchezo wake ule ule wa 2002.

Baada ya kipindi wanakaa na mwalimu chini ya mwembe. Haanzi na makosa. Anamuuliza mwalimu somo ameliona vipi, na mara nyingi mwalimu anayataja makosa yote mwenyewe, pamoja na mengine ambayo yeye hakuyaona. Kisha wanachagua mambo mawili tu ya kurekebisha. Mawili, si kumi na tano. Wiki mbili baadaye anarudi kuangalia hayo mawili.

Hapo kwenye kurudi ndipo anapopigia mstari. Semina ya siku tano kwenye ukumbi wenye feni, anasema, mwalimu anaifurahia, anapata posho, anapiga picha ya pamoja, na Jumatatu anarudi kufundisha kama alivyofundishwa yeye. Mkaguzi wa zamani naye alikuja mara moja kwa mwaka, akaandika ripoti, kuku akachinjwa, akaondoka. (Siku hizi wanaitwa wathibiti ubora, na wengi wao wanajitahidi.) Mwalimu anabadilika akijua kuna mtu atarudi na anakumbuka walichozungumza. Tathmini huru za EQUIP-Tanzania, zilizofuatilia shule 200 kati ya mwaka 2014 na 2018, zilionyesha kwamba watoto wa madarasa ya chini walipiga hatua katika kusoma Kiswahili, hasa wale waliokuwa mkiani kabisa. Ni wale wale wa safu ya nyuma.

Kiinua mgongo na duka

Mradi ukafungwa Januari 2020, na Machi shule zote zikafungwa kwa sababu ya korona. Mwaka huo huo Mama mdogo akatimiza miaka 55, umri ambao mtumishi wa umma anaruhusiwa kustaafu kwa hiari. Akaandika barua. Aliwahi, maana alilipwa mafao ya mkupuo kwa kanuni ya zamani, kabla ya kikokotoo cha Julai 2022 kilichoshusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 33.

Fedha zikaingia na kasheshe la pili likaingia. Baba mdogo, ambaye naye alikuwa ameshastaafu, alitaka wanunue Hiace ya abiria. Mke alitaka kujenga vyumba vitatu vya kupangisha huko Ng'ambo, na fedha kidogo ya kuanzia kazi ya ushauri, yaani kompyuta, printa na nauli. Walivutana miezi minne. Hiace haikununuliwa. Ila mume alifunguliwa duka, genge la mahitaji ya nyumbani, mbele ya nyumba, na yeye ndiye anayekaa humo mke akiwa safarini.

Wanaomtania kwamba amekuwa mama wa nyumbani nawakumbusha habari ya Tabora yao wenyewe. Mwalimu aliyeacha kazi na kuwa maarufu kuliko wote nchini alifundisha hapa, St Mary's, kuanzia 1946 hadi 1949 alipokwenda kusoma Edinburgh. Aliporudi alifundisha Pugu, na mwaka 1955 akajiuzulu kwa ajili ya siasa. Mshahara ukakatika. Mama Maria, ambaye naye alikuwa mwalimu kabla hawajaoana mwaka 1953, akafungua duka dogo Dar es Salaam ili chungu kisipoe. Mmoja akishika njia, mwingine anashika duka. Tumezoea tu kwamba wa dukani awe ni mke.

Ushauri unauzwaje?

Vijana wengi walimu huniandikia wakiuliza namna ya kuwa konsaltanti, wakidhani ni suti na hoteli. Basi sikilizeni. Unapewa hadidu za rejea, karatasi inayosema utafanya nini kwa siku ngapi. Siku kumi na mbili, kwa mfano, na ripoti ya kurasa thelathini ambayo utaiandika usiku bila kulipwa. Unapeleka ankara, inakatwa kodi ya zuio asilimia 5, na unasubiri. Mama mdogo amewahi kusubiri miezi saba. Mwezi mmoja ana kazi tatu, miezi miwili inayofuata hana hata moja, na vyumba vya Ng'ambo ndivyo vinavyolipa umeme.

Kisha kuna mteja anayetaka sifa, si ushauri. Shule moja binafsi, mkoa nautunza, ilimwita aeleze kwa nini wazazi wanahamisha watoto. Akakaa nyuma ya darasa la kwanza kama kawaida yake, akakuta watoto wanaimba mashairi ya Kiingereza kwa ufasaha wa kutisha na hawawezi kusoma neno moja ukiziba mengine. Akaandika hivyo hivyo. Mwenye shule akaomba kurasa nne ziondolewe. Hakuziondoa, na nusu ya malipo yake haijalipwa hadi leo. Nilimuuliza kama hajuti, akanijibu kwa swali: hizo kurasa nne ningeziondoa, ningekuwa nimeuza nini?

Anazopenda ni kazi za vijijini, ingawa zinalipa kidogo. Siku hizi serikali ina utaratibu wake, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, ambapo walimu wanakutana shuleni kwao wenyewe na kujadili masomo yanayowashinda. Yeye anaona ni wazo zuri kuliko semina za hotelini, lakini linategemea mwalimu mkuu. Pale mwalimu mkuu anapokaa na walimu wake, vikao vinafanyika. Pale anapokaa mjini, kuna daftari la vikao lililojazwa vizuri sana. Kati ya shule za kata yake ya zamani, anasema tatu bado zina kadi za silabi ukutani, zimebadilishwa upya na walimu ambao hawakuwepo mradi ulipokuwepo. Nyingine zimerudi kwenye kuimba. Anazipitia bila kutumwa na mtu, kwa nauli ya mfukoni, na hilo Baba mdogo bado halielewi vizuri. Pikipiki ilikuwa ya kazi, aliirudisha.

Mwezi uliopita alipigiwa simu, siku kumi na mbili Dodoma, malipo mazuri kuliko yote aliyowahi kutajiwa. Wiki hiyo hiyo Baba mdogo alikuwa anafanyiwa upasuaji wa jicho hospitali ya Kitete. Ratiba kwenye mlango wa jiko ilikuwa imeshaandikwa hospitali, kwa mkono wa mke. Akaikataa kazi, na akawapa namba ya kijana mmoja aliyemfundisha darasa la pili, ambaye sasa naye ni mwalimu aliyeacha chaki. Kijana amemaliza kazi na kamtumia mwalimu wake ripoti aisome kabla hajaiwasilisha. Nilipowaaga alikuwa barazani, miwani puani, kalamu nyekundu mkononi, mumewe pembeni na bandeji jichoni akiuliza imefika ukurasa wa ngapi.

"Wa tisa," akamjibu, "na ameandika 'walimu hawana motisha' mara sita bila kusema amekaa darasa gani."